Hakuchangia Chochote

Nilimjua Risper kupitia maziwa. Nilipohamishiwa shule ya msingi huku Navakholo, mwaka 2016, nilipanga chumba nyuma ya soko, na jirani akaniambia nikitaka maziwa yasiyotiwa maji nimtafute Mama Beverlyne, yule wa boma la marehemu mzee Lusweti. Nikaenda. Nikamkuta mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, amechuchumaa chini ya ng'ombe. Alinijibu salamu bila kugeuka.

"Mulembe, mwalimu. Ngoja kidogo hapo hapo. Huyu akimsikia mgeni anafunga maziwa."

Sikumwuliza amejuaje kwamba mimi ni mwalimu. Nilingoja, akamaliza, akanijazia chupa, na tangu siku hiyo nikawa napita kwake kila jioni nikitoka shule. Mengi ninayoyasimulia hapa niliyasikia pale kibandani, yeye akikama nami nimeketi juu ya debe. Mengine niliyaona kwa macho yangu.

Risper alizaliwa Lugari, kwenye yale mashamba yaliyokuwa ya wazungu zamani, katika familia ya watoto tisa iliyolima mahindi. Alifika darasa la nane, karo ya sekondari ikakosekana, akabaki nyumbani kumsaidia baba yake. Mwaka 1999, akiwa na miaka kumi na tisa, aliolewa na Hezekiah Lusweti, kijana mpole wa Navakholo aliyekuwa ametoka tu kupata kazi ya kutunza stoo katika idara moja ya serikali mjini Kakamega. Mpango wao ulikuwa ule wa familia nyingi za huku. Mume akae mjini afanye kazi, mke akae nyumbani alime, afuge, awalee watoto na awaangalie wazee. Ijumaa jioni Hezekiah alikuja kwa baiskeli, na Jumatatu alfajiri alirudi na mfuko wa mboga na chupa ya maziwa kwenye keria.

"Alikuwa mtu mzuri," Risper aliniambia mara nyingi, hata wakati ambapo mimi nilitaka aseme vingine. "Alikuwa ananiambianga kila kitu. Tulikuwa tunapanga pamoja."

Walipata watoto wawili. Wa kwanza ni Beverlyne. Wa pili, Emmanuel, alikufa kwa malaria akiwa na miaka miwili, wakamzika nyuma ya jikoni, mahali ambapo Risper angeweza kumwona kila akitoka kumwaga maji. Hawakupata mwingine.

Mwaka 2006 jirani mmoja alitangaza kuuza ekari mbili zinazoshuka hadi kijitoni. Hezekiah alichukua mkopo kazini, lakini haukutosha. Risper akauza mitamba yake wawili, aliowakuza kutokana na ndama aliyepewa na baba yake. Walinunua. Hati ilipotoka ilikuwa na jina moja, Hezekiah Lusweti, na Hezekiah alikuja nayo nyumbani Ijumaa ndani ya bahasha ya kaki, akamwonyesha.

"Nilifurahi hadi nikapika kuku," Risper alisema. "Sikuuliza jina langu liko wapi. Niliona jina lake ni jina langu."

Miaka michache baadaye Hezekiah alinunua ploti mtaani Shieywe kwa mkopo mwingine, ili wajenge vyumba vya kupangisha. Ploti ilipatikana, lakini matofali yalikuwa ghali. Risper ndiye aliyesema kwamba udongo wa kule chini kijitoni ni mzuri kwa matofali. Alichimba mwenyewe, akakanyaga mwenyewe, akapiga kwa kalibu ya mbao, akaanika, akafunika kwa nyasi mvua ikitishia, akapanga tanuri na kulichoma. Alifanya hivyo misimu miwili ya kiangazi mfululizo, baada ya kukama na kabla ya kupika. Dereva wa trekta ya kubebea miwa, Kiplagat, ndiye aliyeyasomba hadi Shieywe siku ambazo kiwanda cha sukari hakikuwa na kazi. Vyumba sita vilisimama. Wapangaji wakaingia.

Kisha mwaka 2015 mama yake Hezekiah, ambaye sisi sote huku tunamwita Kukhu, alipooza upande mmoja. Alilazwa wiki tatu katika hospitali ya misheni kule Mukumu, na Risper alilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake wiki zote tatu. Waliporudi nyumbani ilibidi Kukhu aoshwe, alishwe, ageuzwe, anyooshwe mkono na mguu kama walivyoelekezwa. Ulipita mwaka na nusu kabla hajaweza kutembea kwa fimbo. Mimi nilipowajua, ndiyo kwanza alikuwa anajaribu hatua kutoka mlangoni hadi jikoni, Risper akitembea kinyumenyume mbele yake, mikono imenyooshwa, akimwambia, "Njoo, Mama. Njoo. Usinitazame miguu, nitazame usoni."

Ni katika miaka hiyo ndipo Ijumaa za Hezekiah zilipoanza kupungua. Hakukuwa na ugomvi. Kwanza alisema kuna kuhesabu vifaa vya stoo, kisha baiskeli, kisha mvua. Halafu habari zikafika zenyewe, kama zinavyofikaga, kwamba anaishi katika kimojawapo cha vile vyumba vya Shieywe na msichana aitwaye Wendy, aliyekuwa akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi, na kwamba wamepata mapacha. Risper aliposikia aliendelea kukama. Nilimwona. Ila siku ile alikama mpaka ng'ombe akaanza kumpiga teke, maana maziwa yalikuwa yamekwisha zamani.

Mambo yalipoanza kuchacha ilikuwa Jumamosi moja asubuhi, mwaka 2021. Hezekiah alikuja na mtu mwenye utepe wa kupimia, wakashuka hadi kijitoni, wakapima ekari mbili zile. Kisha akaingia jikoni, akaweka karatasi juu ya meza.

"Mama Bevo, weka sahihi hapa. Ni ya mkopo wa mbolea."

Risper alifuta mikono. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, lakini darasa la nane lilimwachia maneno kadhaa, na katika maneno hayo mawili yalimsimamisha: mke, na kuuza.

"Iache hapa," alisema. "Nitamwonyesha mwalimu."

"Mwalimu ndiye mume wako?"

"Iache, Baba Bevo. Kama ni ya mbolea, haitaoza."

Hezekiah alikasirika, akasema atairudia Jumamosi ijayo, akaondoka. Jumatatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, Risper alikuja shuleni na karatasi ameikunja ndani ya leso. Niliisoma mara mbili kabla ya kumwambia. Ilikuwa idhini ya mke kwamba amekubali shamba la ekari mbili liuzwe. Sheria haikuruhusu shamba kama lile liuzwe bila idhini hiyo, ndiyo maana walimhitaji.

Aliketi kwenye benchi la wazazi. Kengele ikalia, watoto wakarudi darasani, kiwanja kikabaki kitupu.

"Hakutaka niulize," alisema hatimaye. "Angeniuliza, pengine ningekubali. Wale watoto wake wadogo wanakula wapi? Najua ana shida. Lakini kunidanganya kwa mbolea!"

Siku iliyofuata niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, tukaenda wote hadi ofisi ya ardhi mjini Kakamega, akaweka zuio ili shamba lisiuzwe. Ilimchukua nusu siku ya kupanga foleni na kujaza fomu. Karani alipomwuliza haki yake katika shamba hilo ni ipi, alinitazama mimi, kisha akamtazama karani.

"Ninalilima," akasema.

Zuio lile liligeuza mambo. Hezekiah alifungua kesi ya talaka. Watu wa kanisa na wazee wa ukoo walijaribu kuwakutanisha, na shemeji yake Risper, Wanjala, alimwambia waziwazi mbele ya watu kwamba aondoe zuio, aombe msamaha, na atabaki kwenye boma akitunzwa. Asipofanya hivyo atarudi kwao Lugari mikono mitupu. Risper aliwasikiliza wote hadi mwisho. Talaka hakuipinga. Alisema mtu mzima hafungwi kwa kamba. Lakini zuio hakuliondoa.

Talaka ilipotoka, ndipo swali la mali likaja. Wakati huo Beverlyne alikuwa anafanya kazi katika duka la dawa mjini, naye ndiye aliyempata Wakili Jepkorir kupitia shirika linalotoa msaada wa kisheria bure. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, na jambo lililonifanya nimwamini ni kwamba alianza kwa kumwambia Risper mambo asiyotaka kuyasikia.

"Mama, watu watakuambia sheria inakupa nusu. Si kweli. Sheria inaangalia kila mmoja alichangia nini katika mali mliyoipata mkiwa kwenye ndoa. Unagawiwa kulingana na hapo. Mchango si pesa tu. Kupika ni mchango, kulea mtoto, kulima, kumtunza mgonjwa wa nyumba, yote ni mchango. Lakini lazima tuthibitishe."

"Sina risiti hata moja," alisema Risper.

"Tutatafuta watu. Na kuna jambo lingine. Boma mnaloishi, hati iko kwa jina la nani?"

"La baba mkwe. Marehemu."

Jepkorir aliweka kalamu chini. "Basi hilo halimo. Ni ardhi ya ukoo, haikuwa ya Hezekiah wala yako. Mahakama haiwezi kuligawa."

"Hata nyumba niliyoikanda kwa mikono yangu?"

"Unaweza kudai ulichokiongeza kwenye nyumba. Ardhi yenyewe, hapana."

Sikuwahi kumwona Risper akilia mpaka siku ile. Hakulia kwa ajili ya nyumba. Aliuliza swali moja tu. "Na Emmanuel?" Beverlyne ikabidi amweleze wakili ni nani huyo, na kwamba amezikwa nyuma ya jikoni.

Kesi iliwasilishwa. Baada ya majuma machache majibu ya Hezekiah yakaja, kurasa tisa za Kiingereza zilizoapishwa na kupigwa mhuri. Risper aliniita kibandani, akanipa, akaanza kukama. "Soma kwa Kiswahili," alisema. "Usiruke."

Nilisoma. Nilifika aya ya kumi na nne, nikasita.

"Nimesema usiruke, mwalimu."

Nikasoma: kwamba mlalamikaji alikuwa mama wa nyumbani tu, hakuwa na kazi wala kipato, na katika kupatikana kwa mali iliyotajwa hakuchangia chochote.

"Rudia."

"Hakuchangia chochote."

Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo. Alisema, kana kwamba anajisemea, "Miaka ishirini na mitatu nilikuwa ninalala tu, kumbe." Alicheka kidogo, lakini jioni ile alisahau kunijazia chupa na mimi sikumkumbusha.

Siku ya kusikizwa, mahakamani Kakamega, tulikuwa watu wanne upande wake: Risper, Beverlyne, mimi, na Kiplagat aliyevaa koti la suti juu ya jezi ya mpira. Hezekiah alikaa upande wa pili na wakili wake. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini nilipomwona akijaribu kuficha soli ya kiatu iliyoachana, nilishindwa.

Risper alitoa ushahidi wake kwa Kiswahili, polepole. Alisema kuhusu mitamba. Alisema kuhusu udongo. Wakili wa Hezekiah, mzee mwenye heshima zake, alimwuliza kama ana karatasi yoyote ya kuonyesha aliuza ng'ombe, na Risper akasema hapana. Akamwuliza kama matofali hayakuwahi kununuliwa hata siku moja, akasema ya msingi yalinunuliwa, kwa sababu yale yake ya kwanza yalipasuka. Wakili alishangaa kidogo kwa jibu hilo. Nadhani hakutarajia kuambiwa zaidi ya alichouliza.

Kiplagat alisimama akasema alibeba matofali safari kumi na moja kutoka kijitoni Navakholo hadi Shieywe, na kwamba aliyeyapakia pamoja naye kila safari ni huyu mama hapa.

"Unakumbukaje ni kumi na moja?"

"Mheshimiwa, safari ya kumi na moja trela lilinikwamia. Mama huyu aliyashusha yote, tukalitoa, akayapakia tena. Siwezi kusahau."

Kisha ikawa zamu ya Hezekiah. Jepkorir hakumkemea. Alimwuliza kuhusu mkopo wa ploti, akakubali kwamba ni kweli Hezekiah ndiye aliyeulipa kwa mshahara wake. Akamwuliza mshahara huo, wakati mkopo unakatwa, ulibaki kiasi gani cha kumlisha yeye mwenyewe mjini. Hezekiah alisema kidogo.

"Ulikuwa unakula nini?"

"Chakula kilitoka nyumbani."

"Nani alikipanda?"

Jepkorir hakungoja jibu, akaendelea.

"Mwaka 2015 mama yako alipooza. Ulikuwa wapi?"

"Kazini. Kakamega."

"Nani alimwosha?"

Chumba kilikuwa kimejaa watu wa kesi nyingine wakisubiri zamu zao, na hata wao waligeuza shingo kumtazama. Hezekiah alitazama kizimba, akatazama mikono yake.

"Risper," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka leo. Hata talaka ilipotoka, hajaacha."

Jepkorir alisema hana swali lingine, akaketi. Lakini Hezekiah hakushuka. Alibaki amesimama pale, na akasema, sauti ikiwa imebadilika, "Mheshimiwa, huyu Kiplagat hajadanganya. Matofali yalikuwa yake. Na ng'ombe aliuza, wawili, mmoja mwekundu. Ile karatasi wakili aliandika Kiingereza, mimi nikaweka sahihi. Nilikuwa na hasira."

Wakili wake alivua miwani. Jaji aliandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa.

Hukumu ilitoka miezi minne baadaye. Jaji alisema ekari mbili za kijitoni zigawanywe nusu kwa nusu. Vyumba vya Shieywe, kwa kuwa mshahara wa Hezekiah ndio uliolipa ploti na sehemu kubwa ya ujenzi, yeye achukue asilimia sitini na Risper arobaini. Boma la ukoo libaki kwa ukoo. Wanjala, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alitoka akisema mahakama imemnyang'anya ndugu yake. Tulipofika nje kwenye ngazi, Risper alisimama.

"Baba Bevo alisema," aliniambia. "Ulimsikia siku ile? Mwenyewe, mbele ya watu. Hata wangenipa ekari kumi na asiseme, ningerudi nyumbani na kidonda."

Lakini asilimia si kitu unachoweza kulalia. Vyumba sita huwezi kuvipasua. Mawakili wakapanga kikao ili wakubaliane namna ya kugawana, na siku hiyo mawakili walichelewa kwenye kesi nyingine, kwa hiyo Risper na Hezekiah wakajikuta wamekaa peke yao kwenye benchi moja la ushoroba, pamoja na mimi niliyejifanya nasoma gazeti.

"Mama hajambo?" Hezekiah aliuliza.

"Hajambo. Mguu unamsumbua kukiwa na baridi."

Kisha Risper akasema, "Baba Bevo, wewe chukua vyumba. Vyote. Una watoto wadogo pale, sitaki kuwa mwenye nyumba wao. Nipe shamba lote, hadi kijitoni."

"Lakini ile sehemu yako ya vyumba inazidi bei ya nusu yangu ya shamba. Wakili wako hatakubali."

"Sina nyumba. Iliyozidi, unijengee."

Hezekiah aliegemea ukuta. "Vyumba vingapi?"

"Viwili na jikoni. Mabati mapya, si yale ya mitumba."

"Mapya," alisema. Na nikaona, ingawa alikuwa amegeuka, kwamba alikuwa karibu kutabasamu.

Jepkorir alipokuja alipiga hesabu zake, akamwambia Risper faraghani kwamba angeweza kupata zaidi. Risper akasema anajua. Wakaandika makubaliano, wakayapeleka kwa jaji yakawa amri ya mahakama. Hezekiah alitimiza. Ilimchukua mwaka mzima kwa vipande vipande, mbao mwezi huu, saruji mwezi ule, na mara mbili ilibidi akumbushwe, lakini nyumba ilikwisha. Zuio liliondolewa, na hati mpya ilipotoka ilikuwa na jina la Risper peke yake. Aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akaupeleka benki wamtunzie.

Siku ya kuhama, mwaka jana, ilikuwa ngumu kuliko siku zote za mahakama. Umbali ni nusu kilomita tu, unaweza kuita ukasikika. Beverlyne alikuja na marafiki zake, wakabeba vyombo kichwani, Risper akawaongoza ng'ombe. Kukhu hakutoka nje. Alijifungia jikoni, hata alipogongewa mlango hakujibu. Risper alisimama pale mlangoni na kamba ya ng'ombe mkononi.

"Mama, siendi Lugari. Naenda pale chini tu."

Ng'ombe alimvuta, akakaza kamba.

"Uji uko kwenye chupa ya chai. Wanjala ameahidi binti yake atakuwa anakuja kukuosha."

Risper alikwenda nyuma ya jikoni, akainama, akang'oa magugu machache juu ya kaburi la Emmanuel, akaondoka.

Siku ya tatu asubuhi, alipokuwa akiwasha moto katika jiko lake jipya, alisikia fimbo ikigonga jiwe. Kukhu alikuwa amekuja kwa miguu, peke yake, nusu kilomita nzima. Safari ya namna hiyo hakuwa ameifanya kwa miaka kumi. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Aliketi kwenye kigoda kabla ya kukaribishwa.

"Yule mtoto wa Wanjala ananiosha kama anaosha sufuria," alisema. "Mukhana wanje, binti yangu, mimi sikwenda mahakamani. Mimi hakuna aliyenipa talaka."

Na tangu siku hiyo yuko hapo kila siku, anakuja asubuhi jua likishika, anarudi saa kumi. Nikipita kuchukua maziwa namkuta amelala kwenye mkeka nje ya ukuta, au anapukuchua maharagwe kwa mkono ule mzima. Kuhusu kaburi, ni yeye aliyesema mbele ya Wanjala na wanawe wote kwamba Risper atakuja kwa mtoto wake siku yoyote na saa yoyote, na mwenye neno amletee yeye. Hakuna aliyemletea.

Risper aling'oa miwa iliyokuwa kwenye zile ekari mbili. Alisema imemchosha, inakaa shambani muda mrefu kisha malipo yanachelewa. Sasa amepanda mahindi, majani ya ng'ombe na viazi vitamu, na kule chini kijitoni ameacha kipande cha udongo ambacho vijana wawili wanakikodi kwa kupiga matofali. Anawasahihisha sana, na wao humwogopa.

Desemba iliyopita Hezekiah alifika kwake kwa mara ya kwanza tangu nyumba ikamilike. Nilikuwapo. Alibisha hodi kwenye lango kama mgeni na kungoja mpaka aitwe. Alikuwa amestaafu kabla ya umri, mwezi uliotangulia. Alikuja kwa sababu Beverlyne alikuwa amepata mchumba, kijana wa ukoo wa Masinde, na wazazi wa kijana walitaka kuja kujitambulisha. Mila inataka wapokelewe katika boma la baba.

"Sijui utaionaje," alisema, kofia mkononi. "Lakini siwezi kukaa pale mbele ya watu hao bila wewe. Nimezungumza na Wendy. Yeye mwenyewe amesema mama wa msichana lazima awepo."

Risper alimpa kiti, akamletea chai. Alimwambia atafikiria, na Hezekiah alipokwisha kuondoka aliniuliza mimi ni kuku wangapi watatosha watu kumi na watano.

Wageni walikuja Jumamosi. Risper alipika obusuma, ugali wetu wa huku, na kuku katika jiko lake la zamani, akijua kila kitu kilipo, na Wendy alikuwa hapo akimenya viazi, wanawake wawili waliozungumza tu kuhusu chumvi na moto lakini bila sumu. Sebuleni, mmoja wa wazee wa wageni aliuliza kwa adabu mama mzazi ni nani, maana aliona wanawake wawili. Hezekiah alisimama.

"Mama yake ni Risper, huyu anayeingia na maji ya kunawa. Tuliachana. Lakini mtoto huyu amelelewa na yeye, na kama mmempenda msichana, mshukuruni yeye."

Wageni walipokula na kumaliza mazungumzo, mama yake kijana alisema angependa kuona anakoishi mama wa msichana, ili siku akija kumtembelea asipotee. Beverlyne akaruka kabla mtu yeyote hajajibu, akasema ni pale chini, waje, si mbali. Wageni wote wakainuka na kuanza kuteremka njia ya mtoni, wazee mbele, wanawake nyuma, wakizungumza kwa sauti.

Risper alinishika mkono.

"Mwalimu, wacheleweshe," alinong'ona. "Waonyeshe mahindi. Nimeacha nguo zangu za ndani kwenye kamba."

Akavua viatu, akakata njia ya mkato katikati ya majani ya ng'ombe, akikimbia kuelekea nyumbani kwake.